Muziki wa jirani wakunyima usingizi? Usingoje hadi ukupandishe presha

Huenda wewe ni mmoja wao, mpenzi msomaji. Umetoka kazini, umesukumana ndani ya matatu kutoka katikati ya jiji hadi Umoja, Zimmerman au Pipeline, umepanda ngazi hadi orofa ya tatu, umekula na kuwalaza watoto. Unachotamani sasa ni kufumba macho tu. Kabla usingizi haujakuchukua, dari inaanza kunguruma. Jirani wa juu amefika nyumbani. Unageuka upande huu, unageuka upande ule, unafunika kichwa kwa mto. Saa sita za usiku zinapita ungali macho, na kesho ni lazima uwe steji kabla ya saa kumi na mbili asubuhi.

Miaka michache iliyopita alinijia kliniki mama mmoja wa umri wa miaka 38, karani katika afisi moja jijini Nairobi. Alilalamika kwamba kichwa kilimuuma kila asubuhi, moyo ulimwenda mbio, na hasira zilikuwa karibu sana. Alikuwa amewachapa watoto wake kwa makosa madogo hadi akaanza kujiogopa. Nilipompima presha nilipata 152 juu ya 96, ilhali sisi madaktari huanza kuwa na wasiwasi inapofika 140 juu ya 90. Aliniomba vidonge vya usingizi. Nilimuuliza kuhusu chumvi, kuhusu pombe, na kama kuna mtu katika ukoo wao aliyeugua presha. Ni alipokuja mara ya tatu ndipo nilipomuuliza hulala saa ngapi. Alicheka kicheko kisichokuwa na furaha.

"Daktari," akasema, "mimi hungoja kijana wa juu alale, ndipo nami nilale."

Wengi wetu hulichukulia jambo hili kuwa la adabu tu: jirani fulani hana heshima, basi. Katika makala haya nataka kukuonyesha kwamba ni jambo la afya. Isitoshe, nataka kukuonyesha kwamba kinachomuumiza mtu si ukubwa wa sauti pekee, bali pia kule kuhisi kwamba hana usemi wowote juu ya sauti hiyo. Ndiyo maana mazungumzo mema na jirani, yakifanywa mapema, ni sehemu ya tiba sawa na vidonge ninavyokuandikia.

Sikio halina kope

Jicho ukitaka lipumzike, unalifumba. Sikio halina kope. Hubaki wazi usiku kucha, na hata unapokuwa katika usingizi mzito huendelea kupeleka habari kwenye ubongo. Hivyo ndivyo tulivyoumbwa, kwa sababu zamani aliyesikia kishindo cha chui gizani ndiye aliyeiona asubuhi.

Ubongo ukipata habari ya sauti ya ghafla au inayokera, huupa mwili amri ya kujiandaa kupigana au kukimbia. Tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ziitwazo adrenalini na kortisoli. Moyo huenda kasi, mishipa ya damu hujibana, na sukari huongezeka katika damu. Hayo yakitokea mara moja kwa siku chache hayadhuru. Yakitokea kila usiku kwa miezi au miaka, huwa kama gari ambalo halizimwi injini hata likiwa limeegeshwa.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui. Kwa kawaida, mtu mwenye afya anapolala usiku, presha yake hushuka kwa kiasi cha asilimia 10 hadi 20. Hayo ndiyo mapumziko ya moyo na mishipa. Kelele za usiku zaweza kuyavuruga mapumziko hayo. Wataalamu wamefuatilia kwa miaka mingi watu wanaoishi kando ya barabara kuu na viwanja vya ndege, na wakaona kwamba kelele za muda mrefu huandamana na presha na maradhi ya moyo. Mwaka wa 2011 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi za Ulaya ya Magharibi, kelele za magari na usafiri mwingine ziliwapotezea watu angalau miaka milioni moja ya maisha yenye afya kila mwaka, nyingi ya hiyo ikiwa kwa sababu ya kukosa usingizi na kukereka.

Watoto nao huumia kwa njia yao. Mwaka wa 1992 mji wa Munich nchini Ujerumani ulifunga uwanja wake wa ndege wa zamani na kufungua mpya mahali pengine. Watafiti waliwapima watoto wa pande zote mbili kabla na baada ya kuhama huko. Wale waliokuwa karibu na uwanja mpya walianza kuwa dhaifu katika kusoma na kukumbuka, nao waliokaa karibu na ule wa zamani, waliopata utulivu, wakaanza kuimarika. Hizo zilikuwa kelele za ndege, si za redio, lakini mzazi aliye na mtoto anayejiandaa kwa mtihani hana budi kuzingatia funzo hilo. Vile vile lina habari njema: madhara mengine hupungua kelele zinapoondolewa.

"Mimi nimezoea"

Wapo watakaoniambia, "Daktari, mimi niliishi karibu na baa miaka mitano, nikazoea." Ni kweli kwamba mtu aweza kuzoea hadi akaacha kugutuka. Hata hivyo, wataalamu walipowafunga watu vyombo vya kupimia mapigo ya moyo na kuwaacha walale, waliona kwamba moyo uliendelea kurukaruka kila kelele ilipopita, hata kwa wale ambao hawakuamka na asubuhi hawakukumbuka lolote. Akili yaweza kuzoea. Moyo ni mgumu kuzoea.

Dalili za usingizi uliokatwakatwa ni hizi: kuamka ukiwa mchovu, kichwa kizito, kusahausahau, kusinzia ndani ya matatu au kwenye mkutano, na hasira za haraka. Itazame sana hiyo ya mwisho. Mtu aliyenyimwa usingizi hukasirika upesi, na aliyekasirika hapati usingizi hata baada ya redio kuzimwa, kwa kuwa hulala akisikiliza kama itawashwa tena. Hivyo ugomvi na ugonjwa hulishana. Usiku mmoja wa Jumapili nilimshona nyuzi saba kichwani kijana aliyepanda ngazi saa nane za usiku kwenda "kuongea" na jirani yake. Hakuwa mlevi, wala hakuwa mtu wa vita. Alikuwa mtu ambaye hakuwa amelala vizuri kwa wiki tatu.

Kelele hupimwaje?

Sauti hupimwa kwa kipimo kiitwacho desibeli. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili huwa kiasi cha desibeli 60. Kipimo hiki si kama cha unga au sukari. Kila inapoongezeka desibeli 10, nguvu ya sauti huwa imezidi mara kumi, na sikio huihisi kuwa kubwa takriban mara mbili. Kwa hivyo mtu anayeongeza sauti ya redio "kidogo tu" huenda anaongeza mengi.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 1999, lilipendekeza kwamba ndani ya chumba cha kulala kelele ya mfululizo isizidi desibeli 30, na mshindo wa ghafla usizidi 45. Hapa Kenya, kanuni za kudhibiti kelele zilizotolewa mwaka wa 2009 chini ya sheria ya mazingira ya 1999 ziliweka kiwango cha desibeli 45 mchana na 35 usiku ndani ya nyumba za makazi. Nao usiku, kwa mujibu wa kanuni hizo, haukuanza saa sita kama wengi wanavyodhani. Ulianza saa mbili na dakika moja hadi saa kumi na mbili za asubuhi.

Kitufe ambacho hakikubonyezwa

Sasa tufikie jambo ambalo naliona kuwa kiini cha makala haya. Mwaka wa 1972 wanasaikolojia wawili wa Marekani, David Glass na Jerome Singer, walichapisha matokeo ya majaribio yao kuhusu kelele. Waliwaketisha watu mahali penye kelele kubwa za ghafla, kisha wakawapa kazi za kufanya kelele zilipokwisha. Baadhi yao walikuwa wameonyeshwa kitufe, wakaambiwa wanaweza kukibonyeza na kelele zikome, ila ingekuwa bora wasikibonyeze. Wengine hawakupewa chochote. Wengi wa waliopewa kitufe hawakukigusa, kwa hivyo makundi yote mawili yalisikia kelele zile zile. Hata hivyo, waliokuwa na kitufe walifanya kazi vizuri zaidi baadaye na hawakukata tamaa upesi.

Tafakari hayo, msomaji. Sauti ilikuwa moja, masikio yalikuwa sawa, ila tofauti ilikuwa katika kujua kwamba "nikitaka, naweza kuikomesha." Mama yule wa kliniki hakuwa na kitufe. Hakumjua kijana wa juu kwa jina, hakuwa na nambari yake ya simu, hakujua redio ingezimwa saa ngapi. Kila usiku alikuwa kama abiria katika gari asilojua litasimama wapi. Sikumwandikia vidonge vya usingizi. Nilimwandikia dawa ya presha, nikamwambia apunguze chumvi, kisha nikamwambia aende akatafute kitufe chake.

Huenda jirani hajui

Hapa sina budi kuungama. Nilipokuwa daktari mwanagenzi, mimi ndimi niliyekuwa jirani mbaya. Mshahara wangu wa kwanza niliununulia redio yenye spika mbili kubwa, nikaziweka sakafuni, na kila nilipotoka zamu nikawa naburudika. Jioni moja alibisha hodi mama mmoja aliyeishi chini yangu, akiwa na mtoto mchanga mgongoni. Hakufoka. Aliniambia, "Daktari, naomba ushuke nami dakika mbili tu, uje usikie." Nilishuka. Muziki niliouona kuwa mtamu ulikuwa chini yangu kishindo kitupu: ndu, ndu, ndu, na vikombe vikitetemeka kabatini. Nilipanda nikauzima, na tangu siku hiyo sijawahi kuweka spika sakafuni.

Sababu yake ni hii. Sauti nyembamba, kama ile ya mwimbaji, huzuiwa kwa kiasi kikubwa na ukuta wa mawe. Besi haizuiliki vivyo hivyo. Huitikisa sakafu na ukuta wenyewe, na zege hulipeleka tetemeko hilo nyumba ya pili na ya tatu. Kwa hivyo anayepiga muziki husikia wimbo, na jirani yake husikia ngoma isiyo na wimbo. Kama wasemavyo wahenga, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Usianze kwa kudhani anakudharau. Anza kwa kudhani hajui.

Namna ya kubisha hodi

Usiende wakati muziki unapovuma na damu yako inachemka, hasa ikiwa kuna pombe ndani ya nyumba hiyo. Ngoja kesho yake, saa kumi na moja jioni au Jumapili alasiri, wakati nyote wawili mmetulia. Nenda peke yako au na mwenzako mmoja. Ukienda na kundi la watu watano, hata mtu mpole atajiona amevamiwa.

Jitambulishe kwanza. Katika fleti nyingi watu huishi miaka miwili wakipishana kwenye ngazi bila kujuana, na ni vigumu kumhurumia mtu usiyemjua. Kisha sema yanayokupata wewe, si ubaya wake yeye. Waweza kusema hivi:

"Hodi! Habari ya jioni, kaka? Mimi ni jirani yako wa hapa chini, nyumba namba nane. Samahani kukusumbua. Mimi huamka saa kumi na nusu kwenda kazini, na nina mtoto mdogo. Hiyo besi hushuka kwangu yote, hatulali. Naomba tuelewane: siku za kazi, ikifika saa nne za usiku, ipunguze. Nawe kama kuna jambo letu linalokusumbua, tafadhali niambie."

Zingatia mambo matatu katika maneno hayo. Kwanza, umeomba kitu mahususi, yaani saa nne, siku za kazi, na besi. Ukisema tu "punguza kelele", yeye atapunguza kiasi anachoona yeye kinatosha. Pili, umempa nafasi ya kusema yake. Tatu, hukumtisha kwa polisi wala kwa mwenye nyumba. Vitisho ni kama sindano kali: usianze nayo ikiwa kidonge chaweza kufaa.

Kabla hujaondoka, badilishaneni nambari za simu, na mkubaliane kwamba ujumbe mfupi ukitumwa hautachukuliwa kuwa matusi. Hicho ndicho kitufe. Huenda usikitumie hata mara moja kwa mwezi, lakini utalala ukijua kipo. Jambo hilo lisipelekwe kwanza kwenye kikundi cha WhatsApp cha wapangaji. Mtu akiaibishwa mbele ya watu arobaini, hatafuti suluhisho tena; hutafuta jinsi ya kujitetea.

Iwapo wewe ndiwe mwenye redio

Nawe unayependa muziki, makala haya ni yako pia. Hakuna anayesema uishi kama uliye matangani. Yafanye mambo machache haya:

Ondoa spika sakafuni na uziweke mbali na ukuta unaopakana na jirani. Ziweke juu ya meza iliyo imara, na chini yake utandike kipande cha godoro la sponji au zulia zito.

Punguza besi kwanza kabla ya kupunguza sauti yenyewe. Mara nyingi hilo peke yake humaliza malalamiko yote.

Funga mlango na madirisha. Kisha nenda usimame nje kwenye ngazi usikilize mwenyewe.

Ukiwa na sherehe, wajulishe majirani siku mbili mapema na uwaambie itakwisha saa ngapi. Kisha iishe saa hiyo uliyoitaja.

Yafikirie pia masikio yako. Ndani ya sikio kuna maelfu ya seli zenye vinywele vidogo mno zinazopokea sauti, na zikifa hazioti tena. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba sauti ya desibeli 80 isisikilizwe zaidi ya saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, muda huo hupungua hadi saa nne tu kwa wiki nzima. Ikiwa mtu aliye hatua moja kutoka ulipo hana budi kupaza sauti ndipo umsikie, au masikio yakikulia baada ya kuzima redio, basi hata jirani akinyamaza, sikio lako limelalamika.

Akikataa je?

Wapo wasiosikia la mtu. Hapo ndipo unapopanda ngazi, daraja moja baada ya jingine, bila kuruka.

Anza kuweka kumbukumbu katika daftari: tarehe, saa kelele zilipoanza, saa zilipokoma, na yaliyokupata. Andika kwa mfano, "mtoto aliamka mara mbili." Daftari hilo litamsaidia daktari wako, na litamfanya mwenye nyumba aone kwamba huna chuki tu.

Kisha zungumza na majirani wengine. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mkiwa nyumba tatu zenye malalamiko yale yale, mwendeeni mtunza ploti, na baadaye mwenye nyumba au ajenti wake. Isome mikataba yenu ya upangaji, kwa maana mingi ina kifungu kinachomtaka mpangaji asiwasumbue wenzake.

Hilo lisipofaulu, wapelekee habari wazee wa Nyumba Kumi au chifu wa eneo lenu. Mara nyingi mtu asiyemsikia jirani humsikia mzee wa makamo aliyeketi baina yao. Baada ya hapo ndipo sheria huingia. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya, na Katiba hiyo hiyo ilizipa serikali za kaunti jukumu la kudhibiti kelele. Kwa hivyo malalamiko yaweza kupelekwa kwa afisa wa mazingira wa kaunti, kwa afisi ya NEMA, au kituo cha polisi.

Usivunjwe moyo na fikira kwamba huna chombo cha kupimia desibeli. Kanuni za 2009 zilizungumzia pia kelele zinazosumbua mapumziko na afya ya wengine, na miongoni mwa mambo yaliyotakiwa kuzingatiwa ni saa ya kelele hizo, ukaribu wa makazi, kama zinarudiwarudiwa, kama zimekuzwa kwa mitambo, na kama mwenye kuzipiga angeweza kuzipunguza bila taabu wala gharama kubwa. Redio hupunguzwa kwa kidole kimoja.

Kuna mambo ya kuepuka kabisa. Usimzimie jirani stima. Usigonge dari kwa ufagio, kwani atadhani ni vita. Usifungue redio yako kushindana na yake, maana hapo watoto wako watapata kelele kutoka juu na kutoka sebuleni pia. Na usipande ngazi saa nane za usiku na hasira. Kumbuka nyuzi saba za yule kijana.

Wakati unapongoja

Suluhisho laweza kuchukua wiki kadhaa. Kwa sasa, hamisha kitanda kutoka ukuta unaopitisha kelele. Ikiwezekana badilisha vyumba, watoto walale upande uliotulia. Mapazia mazito husaidia kidogo kwa kelele zinazotoka nje dirishani, ingawa hayazuii besi. Vizibo laini vya masikio vinavyouzwa katika maduka ya dawa hupunguza sauti kuliko pamba. Navyo vilevile havifui dafu mbele ya besi kali, na mwenye mtoto mchanga awe mwangalifu, asije akakosa kumsikia akilia.

Jihadhari na njia za mkato. Pombe huleta usingizi wa haraka, kisha huuvunja usiku wa manane. Dawa za mafua zinazosinzisha, ambazo wengi huzinunua dukani ili walale, humwacha mtu akiwa mzito asubuhi, na ni hatari kwa dereva na kwa mtu anayefanya kazi na mashine. Vidonge halisi vya usingizi visitumiwe bila daktari, kwa sababu vingine humfanya mtu awe mtumwa wake.

Umwone daktari lini?

Usisite kumwona daktari ikiwa hulali vyema angalau usiku tatu kwa wiki na hali hiyo imeendelea kwa miezi mitatu, au hata kabla ya hapo ikiwa kazi yako imeanza kuharibika. Nenda upimwe presha ikiwa umepita umri wa miaka 30 na hujapimwa kwa mwaka mzima, kwani presha haina dalili kwa watu wengi. Maumivu ya kifua si ya kungoja. Nenda hospitali mara moja. Vile vile, ukijikuta unawapiga watoto kwa hasira, au unapanga moyoni namna ya kumdhuru jirani au kujidhuru mwenyewe, zungumza na mtu siku hiyo hiyo. Si aibu. Ni ubongo uliochoka. Na unapozungumza na daktari, mweleze habari za jirani wa juu hata asipokuuliza. Mimi nilichukua ziara tatu kumuuliza mgonjwa wangu.

Mama yule alirudi baada ya miezi miwili. Alikuwa amebisha hodi. Kijana wa juu alikuwa makanga wa matatu, mtu aliyefika nyumbani saa nne za usiku akiwa na vurugu za barabarani masikioni, na muziki ndio uliomtuliza. Hakujua kwamba chini yake kulikuwa na mtu anayeamka saa kumi na nusu. Naye mama alipata habari asizozitarajia: watoto wake walipokuwa wakishuka ngazi kwenda shule saa kumi na mbili asubuhi, vifijo vyao vilimwamsha kijana huyo kila siku ya mapumziko yake. Walipatana. Siku za kazi yeye hutumia vidude vya masikioni, Jumamosi muziki hukoma saa sita, na watoto hushuka ngazi wakiwa wamenyamaza.

Presha yake ilikuwa 136 juu ya 86. Sisemi kwamba utulivu pekee ndio ulioishusha. Alikuwa anameza dawa, na alikuwa amepunguza chumvi. Lakini nilipomuuliza kama hulala, aliniambia, "Daktari, siku hizi hata akiufungulia silali nikiusikiliza. Najua utazimwa saa ngapi."

Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na katika fleti zetu kuta tayari ni nyingi. Jioni ya leo, kabla dari haijaanza kunguruma, panda ngazi ujitambulishe.